Skrini ya Kijani Ukutani

Jumatatu, tarehe 3
Nafasi ya mkuu wa hesabu iko wazi! Tuko wawili tu: mimi na Miwani, yule wa dirishani anayefuta kikokotoo chake kwa kitambaa. Nimekabidhiwa kuwasha mfumo mpya wa hesabu za papo kwa papo, Miwani ataukagua. Nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Naye kamwambia mama yake. Basi tena, hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, tarehe 4
Nimeunganisha sarafu za kidijitali za kampuni kwenye mfumo. Imebaki mikataba ya kuzikinga: sarafu zikishuka bei, mikataba inatulipa; zikipanda, inatula. Leo zinapanda. Mikataba ingeharibu sura ya skrini ya mfumo pale ukutani, nikaiacha kwanza. Ina haraka gani? Nikawasha. Kijani tupu! Faida inapanda kila ukipepesa macho. Mkurugenzi alikuja na chai yake, akasahau kuinywa.

Jumatano, tarehe 5
Raha iliyoje! Mkurugenzi kaniita "mwanangu", mimi niliyemzidi umri. Kaagiza makochi mapya ya mapokezi. Miwani kauliza kwa upole mikataba iko wapi. Nikamwambia aache kijicho. Jioni mama mkwe kapiga simu, na safari hii hakumtaka binti yake. Alitaka kuongea na "mkuu". Nusura nilie.

Alhamisi, tarehe 6
Makochi yamefika. Mkurugenzi kajitandaza, kamhimiza Miwani amalize ukaguzi ili anitangaze. Miwani kabonyeza mara moja tu, mikataba ikaingia. Faida ikanywea, ikanywea, ikabaki ya kununulia foronya. Mkurugenzi kauliza zile fedha zimekwenda wapi. Nikaeleza kwamba hazikuwahi kuwapo. Si jibu alilolitaka. Makochi yamerudishwa, na aliyeyabeba hadi kwenye lori ni mimi. Kiti kapewa Miwani. Mke wangu kauliza nani atampigia mama yake. Nikajifunika shuka gubigubi. Aibu niliyoiona!

Ijumaa, tarehe 7
Bei za sarafu zimeporomoka tangu asubuhi! Miwani, bosi wangu, yuko benki. Nimebaki peke yangu na mfumo, nawaza. Sarafu zikishuka, mikataba inalipa. Na leo inalipa haswa! Sasa hizi sarafu zinafanya nini kwenye skrini? Zinaharibu sura tu. Nimezichomoa kwa muda.

Kijani! Kijani kuliko kile cha Jumanne!

Nimempigia mama mkwe, nimemwambia akae karibu na simu. Mkurugenzi huyo anapanda ngazi na chai yake.