Bwana Shamba wa Siku Moja

Uweso wa Ngamiani aliishi kwa ulimi wake, na ulimi wenyewe haukuwahi kulala njaa. Alipata kumuuzia mgeni mmoja wa Lushoto kiti cha kinyozi, kinyozi akiwa bado anamnyoa mtu juu yake.

Asubuhi moja, katika ile miaka ya hamsini serikali ya Mwingereza ilipoingiwa na wazimu wa kuchimbisha watu matuta, Uweso alifuata shati lake kwa Tadeo dobi. Akaona zimetundikwa kaptura ya kaki, soksi ndefu na helmeti nyeupe.

"Za nani hizi?"

"Za Bwana Shamba aliyehamishiwa Bukoba. Kaziacha hapa, na hela yangu hajanipa."

"Hebu nijaribu, nione kama serikali inanikaa."

Ilimkaa. Alitoka nje kujitazama kwenye kioo cha duka la jirani, na kabla hajafika, mzee mmoja muuza mihogo akaruka kutoka kwenye baiskeli yake. "Bwana Shamba, matuta nimechimba, wallahi!"

"Na umechimba vizuri," alijibu Uweso, asijue matuta yapi.

Mzee alimshukuru nusura alie, akamwachia fungu la mihogo. Wajanja wengine hukesha wakipanga mambo yao. Uweso ile mihogo ilimtosha. Saa hiyo hiyo alipanda baiskeli yake, akashika njia ya Kigombe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimdai.

Katika kijiji kimoja cha wakulima, ndani kidogo kutoka pwani, aliwakuta wanawake wamekaa kando ya bonde la mpunga lililokauka hadi kupasuka. Vitalu vya miche vilikuwa vimeanza kugeuka manjano. Uweso hakuangalia miche. Aliangalia kuku.

"Kuna maradhi," alitangaza. "Homa ya shingo. Yule kuku pale, mnamwona anavyotazama? Huko si kutazama kwa mzima. Lazima aende Tanga akapimwe."

"Atarudi?" aliuliza bibi mmoja mwembamba, Mwanamkasi, mjane ambaye kijijini pale hata jumbe alimwomba ruhusa ya kukohoa.

"Akipona, mama."

Mwanamkasi alimtazama kutoka helmeti hadi soksi. Kisha akawageukia wenzake. "Hamsikii? Leteni kuku!"

Kuku wakaletwa. Uweso akawafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye usukani, moyoni keshawafikisha sokoni Ngamiani.

"Sasa, baba," Mwanamkasi akasema kwa upole, "hawa ni wachache. Waliobaki tumewaficha. Tutakupa wote, na mbuzi mmoja anakohoa. Ila maradhi haya yameletwa na kiu. Bwana Himyar kaziba kijito huko juu, anamwagilia michungwa yake. Sisi huku mwaka huu tutakula nini? Njoo umwone tu, umwambie neno moja la serikali."

Uweso alisikia jina la tajiri, masikio yakamsimama. Kama vijumba vya makuti vilitoa kuku, nyumba ya bati ingetoa nini? "Twendeni," alisema. Alishtuka kidogo kuona kijiji kizima kinamfuata na majembe, lakini akajiambia ndivyo wakubwa wanavyosindikizwa.

Himyar alikuwa barazani na kahawa yake. Alipoona kaki, aliweka kikombe chini, akainuka. "Karibu, Bwana Shamba! Karibu ndani, tuzungumze wawili. Kuna halua ya leo, na kuna beberu ningependa umwone."

"Kumwona mnyama ni sehemu ya kazi yangu," Uweso alikiri kwa heshima kubwa. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali, akainua mkono kuvua helmeti ili aingie.

"Bwana Shamba katoa amri!" alipiga kelele Mwanamkasi. "Kanyanyua mkono! Bomoeni!"

"Mimi? Hapana, mimi ninge..."

Hakuna aliyemsikia. Majembe yaliliangukia lile tuta la udongo lililoziba kijito kando ya nyumba, kama mvua ya masika. Lilitikisika, likatoa jasho, likapasuka, na maji yakateremka kwa kishindo yakichukua ndoo, kobe mmoja na kiatu cha Himyar. Wanawake walipiga vigelegele. Uweso naye, Mungu amsamehe, alijikuta anacheka.

Himyar hakucheka. "Twende Bomani sasa hivi! Nataka kusikia amri hii kwa mkubwa wako! Nangoja lori langu liwashwe!"

Hapo kicheko kilimkauka Uweso. Mwanamkasi akamvuta kwa shati, wakateremka mbio hadi bondeni.

"Mama, nifiche. Mimi si..."

"Najua, mwanangu. Kuku ni kazi ya Bwana Mifugo. Bwana Shamba hata yai hapimi. Vua hizo."

"Mlijua, na kuku mkanipa?"

"Tulitaka kaptura yako, baba. Kuku wameshafunguliwa."

Akavishwa kaniki kuukuu, kilemba cha kanga, akasukumwa kwenye matope katikati ya wanawake. Maji yalikuwa yameshaenea bondeni, na miche ilikuwa inangojea kupandwa. "Inama, uso chini. Chomeka mche, rudi nyuma, chomeka."

Lori lilikuja likinguruma. Himyar aliuliza Bwana Shamba yuko wapi, akaambiwa katangulia Bomani kuandika habari za kijito. Alikumbuka, inaonekana, kwamba Bomani wangemuuliza yeye kwanza nani alimruhusu kuziba maji ya watu. Akageuza lori, akaenda zake nyumbani kutafuta kiatu.

Uweso hakuyaona wala kuyasikia hayo, maana alikuwa ameinama, na nyimbo za wanawake zilimziba masikio. Adhuhuri ikapita. Mgongo ulimwaka, vidole vikamvimba, ruba akamganda kwenye shavu la mguu. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi mfululizo namna ile.

"Mama," alinong'ona alasiri, "keshaondoka?"

Mwanamkasi alijinyoosha, akaweka kiganja juu ya macho, akaitazama njia iliyokuwa tupu kabisa.

"Bado, mwanangu. Kasimama pale pale, anakutazama wewe. Inama."

Uweso akainama. Bondeni kulikuwa kumebaki sehemu ndogo tu isiyopandwa, na jua lilikuwa bado lipo.