Kumvisha Seneta Nguo za Mwindaji

Jumatano, 18 Oktoba
Watu wa kampeni wamepiga simu. Seneta Whitcomb, mgombea wetu wa urais, anakuja Pennsylvania Jumamosi kuwinda kwale mbele ya kamera. Wanatafuta shamba. Nikawapa langu kabla hawajamaliza kusema. Jumatatu tunachagua mwenyekiti wa chama hapa wilayani. Dwight Stoltz amekikalia kiti hicho miaka kumi na moja, na seneta amemwona mara moja tu, tena kwenye foleni ya choo. Mimi nitapigwa naye picha! Dwight kwisha.

Tabu ni moja. Huku watu wanaamini seneta akiingia Ikulu atakusanya bunduki nyumba kwa nyumba. Aliwahi kupiga kura bungeni kwamba mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza. Kura moja! Kwa kinyozi wanaizungumza kama msiba.

Alhamisi, 19 Oktoba
Nguo za seneta zimefika. Mpya, mikunjo ya dukani bado imo. Mke wangu Arlene akasema atafanana na mtoto aliyevalishwa na mama yake siku ya kwanza ya shule. Kweli. Koti la mwindaji wa huku hurithiwa, halifuliwi. Na mwaka wa uchaguzi watu hutazama koti kwanza, sera baadaye. Nikalifunga nyuma ya pikapu, nikaliburuta hadi kanisani na kurudi. Mchungaji akakimbia nje kuuliza nimemgonga nani.

Ijumaa, 20 Oktoba
Koti sasa linapendeza kwa uchakavu. Lakini linanuka duka, na wazee wa kwa kinyozi wana pua. Nikakumbuka chupa ya mkojo wa kulungu jike anayetaka dume, ule wa kuvutia madume msimu wa kuwinda kwa mishale. Arlene akauliza tangu lini kwale wakapenda mkojo wa kulungu. Nikamwambia siasa haijui. Nikatia matone mawili. Halafu nikatia chupa nzima.

Jumamosi, 21 Oktoba
Seneta ni mtu mwema. Kofia ya wawindaji, ya rangi ya chungwa, ilimkaa. Alishika bunduki kama inavyotakiwa, mtutu chini, kidole mbali na kifyatulio. Akawaambia waandishi haki ya bunduki imo kwenye katiba, na yeye hana haja na bunduki ya mtu. Hata Dwight aliitikia kwa kichwa. Nilimwona!

Ndipo dume la kulungu likatoka kwenye mahindi. Pembe zenye ncha nane. Halikuja kwa hasira. Lilikuja kwa mapenzi. Seneta akatembea haraka kwa heshima, kisha haraka tu, kisha akawa juu ya pikapu yangu, bunduki kaiacha kwenye nyasi. Walinzi wakataka kumpiga mnyama risasi. Dwight akawazuia: msimu wa kulungu kwa bunduki haujafunguliwa, jamani, hata kwa rais. Tukasubiri dakika arobaini. Kamera kumi na nne.

Jumatatu, 23 Oktoba
Picha imo kwenye kila gazeti. Wapinzani wameifanya bango: “Bunduki anayo. Ya nini, hajui.” Kinyozi, ambaye habari za chupa zimeshamfikia, kalibandika kwenye kioo, ananiuliza kama na mimi nataka kupakwa kitu.

Uenyekiti: Dwight ishirini na mbili, mimi moja. Nilimuuliza Arlene, naye mjumbe, alimpa nani. Akasema kura ni siri, mume wangu, nipe chumvi.

Jumatano, 8 Novemba
Kura ya urais jana, wilayani tumepigwa vibaya. Lakini! Karani wa uchaguzi anasema watu sitini na mmoja waliandika “Kulungu” kwa mkono kwenye karatasi ya kura, penye nafasi ya kuandika jina lisilokuwamo. Bila mkutano. Bila kusema neno moja kuhusu bunduki! Nimemweleza Arlene kwamba mnyama yule ana mvuto, anakosa meneja tu. Amekwenda kwa dada yake.

Kesho naingia msituni na tai yangu ya harusi, nimpime shingo. Sina muda. Msimu wa bunduki unafunguliwa baada ya wiki tatu, na lazima nimpate kabla wapiga kura wake hawajampata.