Mpendwa 0

Jumatatu, 3 Machi. Mawingu, manyunyu hadi saa tatu.

Kikao cha familia kimenifanya katibu wa harusi ya mdogo wangu. Wifi, mke wa kaka, huandika programu kazini na alidhani atapewa yeye. Nimeahidi kadi sitini kwa JavaScript, lugha ya kompyuta: orodha moja ya majina, kitanzi kimoja, yaani amri inayojirudia, cha kuipitia jina kwa jina, printa imalizie. Kaka amesema kosa moja tu, ukatibu unahamia kwa mkewe.

Vitanzi viko vingi. Kile cha zamani cha kuhesabu kina maneno mengi. forEach naiweka akiba. Wifi amesema, bila kuulizwa, tumia for...of, wifi yangu, hiyo inakupa jina lenyewe. Basi nimechagua for...in. Zinafanana.

Jumatano, 5 Machi. Jua.

Kadi zimesambazwa. Mama aliandika majina juu ya bahasha. Mimi nilikagua karatasi, wino na mikunjo. Maneno niliyatunga mwenyewe, kwa hiyo sikuyasoma.

Alhamisi, 6 Machi. Upepo.

Shangazi amepiga simu kabla ya chai. Kadi yake inasema "Mpendwa 0". Ameuliza kama miaka yote aliyomlea bwana harusi jumla yake ni sifuri. Haji.

Kumbe for...in haitoi jina, hutoa nafasi ya jina kwenye orodha, na nafasi huanzia sifuri. Shangazi nilimweka juu kabisa, kwa heshima. Baba mdogo, aliyepata 1, anazunguka mtaani akijitangaza namba moja wa ukoo.

Wifi amecheka mpaka akaomba kiti. Kaka amenipa hadi Jumamosi kumrudisha Shangazi.

Jumamosi, 8 Machi. Asubuhi shwari.

Ujumbe wa simu ungetosha, lakini kuuandika kwa kidole ni kukiri kushindwa. Nimechukua orodha ileile, nikaipitisha kwenye forEach, nikaweka amri ya return baada ya Shangazi ili isimame hapo. Ujumbe: "Samahani kwa ile sifuri. Kwetu wewe ndiye wa kwanza. Baba mdogo tumemwalika kwa kukosa jinsi."

forEach haisimami. return humaliza zamu ya mgeni mmoja tu, foleni inaendelea. Wote sitini wameupata, Baba mdogo akiwa wa pili.

Shangazi ameusoma mara mbili kwa sauti. Atakuja. Baba mdogo haji.

Kaka amesema mmoja ameingia, mmoja ametoka, ameniongezea siku moja. Wifi ameniambia taratibu: njoo kesho nikuonyeshe for...of, dakika tano tu. Nimemshukuru. Nimechagua while, ambayo hakuna aliyenishauri. Itamtumia Baba mdogo samahani, tena na tena, mpaka ajibu ndiyo.

Nimeiwasha saa tatu kamili usiku. Nimelala saa tatu na nusu, yeye bado hajajibu.