Bahasha ya Ms. Mloka

Jumatatu, 6 Juni 1994

Kikao saa mbili na nusu. Mkurugenzi wetu mpya, Dokta Angelina, katangaza mambo mawili. La kwanza, wafadhili wanakuja kutoka Dar Ijumaa ya wiki ijayo kuukagua mradi wetu wa mboga za Uluguru. La pili, kompyuta imefika. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mimi ni mkuu wa masjala mwaka wa kumi na tatu, na najua kompyuta ikiingia mlangoni mkuu wa masjala anatokea dirishani. Ofisi ya jirani wameshapunguzwa watu sita.

Wokovu wangu ni mmoja tu: nafasi ya Afisa Utawala. Niliomba Aprili. Tangazo lilisema atakayechaguliwa ataandikiwa na Makao Makuu, Dar, naye athibitishe kabla ya saa sita mchana tarehe 17, la sivyo nafasi inakwenda kwa wa pili. Nangoja.

Mkurugenzi anataka vibao vya milangoni na orodha ya wageni, vyote kwa Kiingereza, na kila mtu awe na cheo cha heshima mbele ya jina lake. Zamani sote tulikuwa Ndugu. Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mfagizi, mke kwa mume, kazi imekwisha. Sasa ni soko huria, Ndugu kaondoka pamoja na foleni za sukari. Salehe wa stoo kapewa wanaume. Mimi wanawake, kumi na wanne. Salehe kawaandika wanaume wote Mr., kamaliza kabla ya chai. Kazi ya mtoto! Mimi nimepewa kazi ya akili. Dalili njema.

Mkurugenzi akaongeza kwamba mwanamke asiyetaka kuandikiwa habari za ndoa yake mlangoni, aandikwe Ms. Nikasimama. Nikasema cheo hicho hakimo katika kitabu changu cha kuandikia barua, chapa ya 1951, nilichopewa na mapadri. Nikasema cheo kisichoeleza kama mtu ameolewa ni gunia la mbegu lisiloandikwa ni mchicha au ni bangi. Akaniambia nisihangaike, niwaulize wenyewe. Nikatabasamu. Kuuliza ni kwa wasiojua kuchunguza.

Jioni zikaja barua za Dar. Yangu hamna. Bahasha moja imeandikwa Ms. M. Mloka. Huyo ni Magdalena wa uhasibu. Nimeigonga muhuri, nimetia saini, nimeifungia kwenye droo yangu. Barua rasmi haikabidhiwi mtu ambaye hali yake haijathibitishwa. Nikishajua ni Miss au ni Mrs. nitairekebisha bahasha na kumpelekea.

Jumanne, 7 Juni

Kumi na watatu nimewamaliza kwa macho tu. Mwenye pete, Mrs. Asiye na pete, Miss. Sista Yuliana wa misheni ana pete na hana mume. Nimemwekea alama ya kuuliza.

Anayenisumbua ni Magdalena. Jana alikuwa na pete. Leo hana! Haitwi Mama fulani. Mchana anakula peke yake akisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, na mke wa mtu hapati nafasi hiyo. Lakini anacheka kama mtu aliyetulia. Nimeandika Mrs., nikafuta, nikaandika Miss, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Nimekivizia kidole chake nikijifanya kuazima rula. Mara tatu. Mara ya tatu kaniambia niichukue kabisa.

Jumatano, 8 Juni

Uchunguzi wa nje. Nimekwenda Kichangani, mtaani kwake. Mbele ya nyumba yake anakaa Mama Zawadi, muuza ndizi za kuchoma. Nilianza kwa mbali, kwa bei ya ndizi. Kisha nikauliza yule dada wa bati jekundu anaishi na nani. Peke yake. Kuna mwanaume anayekuja? Hakuna. Aliwahi kuolewa?

Hapo Mama Zawadi akafuta mikono, akaanza kuniuliza yeye. Kabila gani, dini gani, nakunywa kiasi gani, nina watoto huko nje, nafanya kazi wapi. Nimemjibu yote kwa ukamilifu. Anayetoa habari naye apewe. Nimemwachia jina langu kamili na mtaa wangu, akipata la zaidi. Kaniongezea ndizi mbili bure. Mji huu una watu wakarimu.

Ijumaa, 10 Juni

Hali ofisini nzuri ajabu. Mlinzi kanipigia saluti, kaniita shemeji. Mama wa chai kanipa maandazi matatu badala ya mawili. Salehe kanishika mkono muda mrefu, kasema nimechelewa lakini nimefika. Bila shaka habari za cheo changu zimevuja kutoka Dar. Nimepokea pongezi kwa unyenyekevu.

Salehe kaulizia orodha yangu. Nikasema kabaki mmoja. Kauliza kwa nini nisimwulize mwenyewe. Mtu aliyekaa miaka tisa na misumari na mabomba ya maji utamweleza nini?

Saa tisa Magdalena kapita masjala, kauliza kama kuna barua yake kutoka Dar. Nikamjibu kwamba yenye jina lake kamili na sahihi, hakuna. Sikudanganya. Kasimama kidogo, kaniangalia, kaondoka.

Jumapili, 12 Juni

Natoka misa, nakuta wazee watatu kibarazani kwangu. Wametoka Matombo. Wana mikungu miwili ya ndizi na kifuko cha pilipili manga. Aliyetangulia ni Mzee Stefano, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, kile kile watakachokitembelea wafadhili. Nikawaamkia, nikawanunulia soda. Nikajua wamekuja kuomba viti vya mbele.

Mzee akauliza kama ni mimi ninayeulizia habari za Magdalena. Kumbe ni mpwa wake! Bahati iliyoje. Nikamwambia ndiye mimi, na nia yangu ni moja tu, kumpa cheo kinachomstahili mbele za watu. Mzee akavua kofia. Akasema tangu baba wa binti afariki hakuna mwanaume aliyewatamkia neno zito namna hiyo. Akauliza barua ya posa inakuja lini.

Soda ikanipalia. Wazee wawili wakanipiga mgongoni. Nilipopata sauti nikaeleza kwamba nilitaka kujua tu kama ni Miss au ni Mrs. Mzee Stefano akasema ndicho wanachotaka kujua wanaume wote, na asiye na nia hahangaiki kuuliza.

Nikapiga hesabu haraka. Nikikana, mzee ataaibika. Mzee akiaibika, kikundi hakipokei wafadhili. Wafadhili wasipopokewa, mimi si Afisa Utawala, mimi ni mtu aliyepunguzwa. Nikasema barua itakuja.

Alifurahi sana. Akasema kwao shamba ni la ukoo wa mama, na mwanaume ndiye anayewafuata wao, kwa hiyo kwanza wataona mikono yake. Jumatano. Nije na jembe.

Jumatano, 15 Juni

Naandika nimesimama, shajara juu ya kabati. Siwezi kukaa.

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Jioni imekuwa kweli. Matombo si shamba, ni ukuta uliopandwa maharage. Nilianza kuchimba matuta saa moja asubuhi. Saa mbili niliteleza, nikaangukia shamba la chini, katikati ya magimbi ya mtu mwingine. Mwenyewe alikuwepo. Akanisalimia.

Mama yake Magdalena alikaa juu ya jiwe muda wote, akinitazama. Mchana kaleta ugali na majani ya maboga, akanishikia kata ya maji ninawe. Hakuna aliyenishikia maji ninawe tangu mama yangu afariki kule Turiani. Nilitazama chini mpaka mikono ikakauka yenyewe.

Matuta manne na nusu. Njiani kurudi niliwaza mambo ya kipuuzi, kwa mfano nyumba yenye watu wawili na gazeti moja. Ni uchovu tu.

Alhamisi, 16 Juni

Siku mbaya. Saa nne Magdalena kaingia masjala, kafunga mlango. Habari zote anazo, za muuza ndizi, za mjomba, za magimbi. Hakupayuka. Angepayuka ingekuwa nafuu.

Kasema pete aliinunua mwenyewe mnadani, huivaa siku za kwenda benki ili wanaume wa kwenye foleni wamwache apumue. Hajaolewa, na hatafuti. Kasema ningemwuliza angenijibu kwa neno moja nikaenda zangu. Kasema alikuwa Ndugu Mloka miaka minane na hakuna aliyekwenda kumhoji jirani yake. Halafu kaniuliza mimi, miaka arobaini na moja, sina mke, mbona nimeandikwa Mr. na hakuna mtu aliyekuja kuvizia kidole changu.

Niliona aibu, ile ya masikio kuwaka. Na uchungu pia, sijui wa nini, maana sikuwa nimeomba kitu.

Kasema ataongea na mjomba yeye mwenyewe. Alipofika mlangoni sauti ikamshuka. Kasema leo nimemkuta vibaya. Naye aliomba ile kazi ya Afisa Utawala. Mwisho wa kuthibitisha ni kesho saa sita, na barua haikuja, basi hakupata, na sasa hata uhasibu unapunguzwa. Mama yake anamtegemea yeye.

Droo ilikuwa inagusa goti langu. Ufunguo shingoni. Wa pili! Wa pili ni nani kama si mimi? Hakuna ajuaye kilichomo humu. Kesho saa sita si mbali. Niliisikia saa ya ukutani ikihesabu. Na sijui kwa nini nikaiona ile kata ya maji, na mkono ulioishika.

Nikafungua droo. Nikamwambia imeingia sasa hivi.

Akautazama muhuri. Imepokelewa 6 Juni 1994. Saini yangu chini yake, maridadi. Akaisoma amesimama, akakaa, akajifunika uso kwa bahasha. Nikampa leso yangu. Kasema nisimwangalie. Nikaangalia kalenda mpaka alipomaliza.

Jumatatu, 20 Juni

Wafadhili walikuja Ijumaa, wakala, wakasifu kabichi, wakaondoka. Mzee Stefano aliwapokea kwa ngoma. Vibao vilikuwa vya Salehe. Kumbe Jumatano nikiwa Matombo aliwazungukia wanawake wote kumi na wanne na kuwauliza. Nusu saa. Sista Yuliana kaandikwa Sister. Hata mimi ningefika huko.

Leo nimepata barua mbili. Ya kwanza: masjala inawekwa chini ya utawala, sipunguzwi, nitafundishwa kompyuta. Nilisoma mara nne. Ya pili ni ya onyo, kurasa mbili, kuhusu droo. Zote zimetiwa saini na Afisa Utawala mpya, Ms. M. Mloka. Kibao kipo mlangoni kwake, chumba cha pili kushoto.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Onyo lazima nilijibu, tena kwa Kiingereza. Nianzeje? Dear Madam ni baridi mno. Dear Ms. siwezi, kitabu kinakataa. Dear Magdalena, masikio yanawaka. Dokta Angelina kapita, kaiona karatasi tupu, kasema si nimwulize mwenyewe, yumo ofisini, mlango uko wazi. Nikatabasamu.

Nimeshapanga. Mzee Stefano ameambiwa posa haipo, lakini lile tuta la tano limebaki nusu, na mtu mzima haachi tuta nusu. Jumamosi napanda Matombo na jembe. Nitalima kuelekea kwenye lile jiwe, taratibu, na mama yake atanidokeza mwanawe anapenda kuitwaje.

Kwa uhakika zaidi, jioni nimepitia kwa Mama Zawadi. Nilianza kwa mbali, kwa bei ya ndizi.