Mbuzi Huyu, Mbuzi Hii

"Huyu mbuzi hatoki leo, Bi Tatu!"

"*Hii* mbuzi, Gaudens. Hii! Umeiona ina mkia?"

Wapangaji wote walishatoka uani na miswaki mdomoni. Kariakoo ugomvi wa asubuhi haukosi wateja.

Gaudens alikuwa jirani wa ukuta mmoja, lakini akishafunga tai anakuwa Afisa Mkuu wa Ustawi, Afya na Mkao wa Wafanyakazi. Kampuni yao ya vitenge vya jumla ilikuwa imetangaza kwa spika, mtaa mzima ukasikia: huu ni Mwaka wa Kumjali Mfanyakazi Mgonjwa. Fulana zikachapwa. Keki ikakatwa ghorofa ya saba. Kisha, ili wagonjwa wachangamke, viti vyote vya ghorofa za chini vikaondolewa.

Bi Tatu alikuwa akipanga vitenge stoo ya kampuni hiyo hiyo, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi kandambili hazipiti. Daktari alimwambia akae. Asiposimama, kazi hana; akisimama, miguu hana.

Gaudens alimsaidia kwa moyo mmoja: alimwelekeza ghorofa ya saba akaombe Kibali cha Kukaa. Kwa ngazi, maana lifti ilikuwa ya Mwenyekiti, mtu wa presha. Bi Tatu aliishia ya tatu. Gaudens akahitimisha kitaalamu: anayefika ya tatu si mgonjwa, na asiyefika ya saba hajaomba.

Ndipo mama wa watu akaenda na mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikalia stoo. Gaudens akaripoti juu: mfanyakazi amekalia mbuzi.

"Kamkalia mbuzi?" Mwenyekiti Wilbert alishtuka kwenye kiti chake cha ngozi, kile kinachomkanda mgongo kwa umeme. "Ukatili gani huo?" Akapiga marufuku mifugo kazini.

Gaudens aliijua mbuzi yenyewe. Wali wake wa nazi ameula Jumapili ngapi! Lakini bosi akishasema mbuzi ana miguu minne, kumsahihisha ni utovu wa nidhamu.

"Nenda kamwambie bosi wako mbuzi anakuja," alisema Bi Tatu asubuhi ile pale uani, akaifunga mbuzi kwenye kanga, akampita Gaudens.

Mwenyekiti akashuka mwenyewe kumkamata mnyama. Stoo joto la tanuri, feni hakuna. Presha ikampanda, macho yakamzunguka.

"Kiti!"

"Mheshimiwa, viti tuliviondoa," alisema Gaudens. "Kwa ajili ya afya."

Mwenyekiti akajitupa kinyumenyume palipokuwa na cha kukalia. Upande wa meno.

"Mama yangu! Kaning'ata!"

"Imekung'ata, bosi," alisema Bi Tatu kwa heshima zote. "Si mnyama."

Mwenyekiti alishonwa, akakatazwa kukaa. Kumfukuza Bi Tatu kulihitaji maelezo: kilichomng'ata Mwenyekiti ni nini, na kilimng'ata wapi. Basi jambo likaachwa. Na kwa kuwa si adabu kukaa mkubwa akiwa wima, ghorofa ya saba nzima ikasimama: wakurugenzi, wahasibu, Gaudens. Kiti cha ngozi kikawa kinamtia uchungu Mwenyekiti kukitazama. Utaratibu unasema samani isiyotumika ishushwe stoo. Makuli wakaishusha. Stoo kuna nani? Bi Tatu alitafuta soketi, akachomeka, akaendelea kupanga vitenge huku mgongo unakandwa. Bongo nzima ikapata habari: Mwenyekiti kiti hana.

Jioni ya siku kiti kiliposhushwa, Gaudens alirudi nyumbani viatu viko mkononi, miguu haiingii. Uani, mbuzi ilikuwa imeegemea ukuta, imesuguliwa inang'aa.

"Shikamoo, Bi Tatu." Tangu ahamie pale hajawahi kumwamkia.

"Marahaba. Na miguu hiyo?"

"Naomba nikae kidogo."

"Kibali unacho?"

Wapangaji wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai yake. Gaudens akabaki amesimama, ameinamisha kichwa. Bi Tatu akamwachia aive kidogo, kisha akafunua pazia la mlango wake.

"Haya, ingia ndani ule, wali umeiva. Ila kaa mkekani. Huyu mbuzi ameshaonja ofisi, asije akazoea."