Mama Ghala na Vita vya Rafu ya Katikati

Nyamazeni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mnaochungulia dirishani ingieni, kwani leo nasimulia habari za Mama Ghala, mbabe wa maboksi elfu tisa, mtunza ghala asiyepotelewa hata na msumari, jinsi alivyokipanga kwa karatasi na penseli kijichumba cha nguo chenye upana wa hatua mbili na urefu wa hatua tatu, ambamo majemadari kadhaa waliwahi kuingia kutafuta soksi wakatoka na taulo. Ewe ulimi wangu, usiniangushe.

Kiini cha vita ni hiki. Mama mkwe wake, bibi mwenye heshima zake na goti bovu, alikuwa amekaa nyumbani mule miezi minane, na nguo zake zote zingali ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Kila asubuhi aliinama, akavuta, akatoa gauni, akasukuma, akanyanyuka kwa kuugulia. Akiulizwa, hujibu, "Niacheni, mimi napita tu." Neno hilo lilimkata Mama Ghala maini, maana alimpenda yule mama, na kila sanduku lilipokwaruza sakafu alihisi kuna mtu anafunga safari. Ndipo akaapa: seremala anakuja Jumamosi saa nne, na kabla ya saa hiyo ramani itakuwa tayari, na sanduku lile litafunguliwa lisifungwe tena.

Akashuka vitani. Akapima kuta kwa tepu, akazipima tena, kwa sababu kuta za nyumba ile hazikuwa zimeelewana. Akahesabu majeshi ya adui: makoti kumi na moja ya mumewe, dereva wa basi la shule, ambaye kati ya hayo huvaa moja, viatu jozi kumi na tisa, na kiatu kimoja kisicho na mwenzake, na pasi iliyoungua mwaka waliooana, ingali inangoja fundi. Akachora umbo la kwanza, rafu pande zote tatu, akagundua hakuna pa kusimama mtu. Akachora la pili, mlango ukagoma kufunguka pale pale kwenye karatasi. La tatu likakubali: rafu kushoto, bomba la kutundikia nguo kulia, viatu chini.

Dereva akasimama mlangoni akijipiga kifua. "Mke wangu! Makoti haya yamenivusha mvua na baridi! Kulitoa hata moja ni kunitoa mimi!"

"Mume wangu, ghalani kwangu kilichotangulia kuingia ndicho hutangulia kutoka," akanguruma Mama Ghala. "Na hilo la kahawia lilinitangulia hata mimi. Chagua matatu ya kubaki, ama nawe nikuandike kwenye vitu chakavu."

Dereva akachagua manne, akaachiwa.

Basi Mama Ghala akajaza majina kwenye ramani kwa mwandiko wa kazini, kila kitu na fungu lake. Rafu ya katikati, ile iliyo kati ya kiuno na bega, isiyotaka mtu ainame wala apande kiti, akajigawia mwenyewe, kwa kuwa penseli ilikuwa mkononi mwake. Alipofika kwenye sanduku la mama mkwe hakusita hata kidogo. Miaka ishirini ya ghala ilimfundisha kwamba mzigo ambao mwenyewe amesema unapita haupewi rafu. Huwekwa sakafuni karibu na mlango. Akaandika MZIGO WA KUPITA, akapiga mstari chini yake, akaibandika ramani mlangoni, akaenda kunywa maji kwa madaha ya mtu aliyeuteka mji.

Aliporudi alimkuta mama mkwe mbele ya ramani, miwani puani, kidole juu ya maneno yale.

"Mwanangu, huu mzigo si sanduku langu?"

Hapo jemedari akaangusha silaha zote. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. "Mama, nisamehe. Ni mazoea ya kazini. Na wewe mwenyewe husema unapita."

"Nasema, ndiyo. Nasema ili msione nimewaganda." Akavua miwani. "Miezi minane nangoja mmoja wenu aniambie, 'Mama, huendi popote.' Nanyi mnaniitikia tu, 'Haya, mama.'"

Dereva akainamia makoti yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Mama Ghala akachukua kifutio, akalifuta jina lake kwenye rafu ya katikati mpaka karatasi ikatoboka, akaandika kando ya tundu: MAMA.

"Huendi popote," akatamka. "Ukienda, nani atanisaidia kumshinda huyu na makoti yake?"

Mama mkwe akavaa tena miwani, akaipima ile rafu kwa kidole.

"Mwambieni seremala aiongeze upana," akasema. "Nina mashuka."

Seremala akaja, akaongeza upana. Mama mkwe akatundika magauni saba, na la nane lilipokosa nafasi akaling'oa koti la nne la mwanawe bila hata kumwangalia. Andikeni basi, enyi waandishi wa mambo makuu, muandike kwa wino usiofutika: Jumamosi hiyo, saa tisa na robo alasiri, sanduku tupu lilipandishwa juu kabisa, karibu na dari. Dereva ndiye aliyelipandisha, na mama yake alisimama chini akimwambia alisukume mpaka mwisho.