Chupa ya Bahari ya Shamu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Uamuzi umepitishwa. Mimi na Nkirote tunaenda Misri! Siku nne za piramidi, siku tatu za Bahari ya Shamu, miguu ndani ya maji. Mwezi huu ndoa yetu inatimiza miaka ishirini na mitano, na siku ya harusi nilimwahidi mke wangu kwamba nitampeleka baharini. Hajaiona bado. Nimekuwa na shughuli. Duka la dawa za mifugo hapa Ruiri halijiendeshi.

Sababu ya pili ni jirani yangu Kaburu. Alikwenda Mombasa siku tatu tu, akarudi na chupa ya maji ya bahari. Ameiweka kabatini kando ya televisheni na kila mgeni sharti aitazame kabla ya kupewa chai. Jana Nkirote aliishika muda mrefu, akaomba aonje kidogo. Kaburu akakataa, eti ikifunguliwa yataharibika. Nilimwona mke wangu akiirudisha polepole. Iliniuma, sitaficha.

Nkirote anasema Mombasa inamtosha. Dada yake Ann anafanya kazi huko na amemwalika tangu Pasaka. Nimekataa kabisa. Mombasa ni bahari ya Kaburu. Yetu ni ile iliyommeza Farao.

Jumatano, 6 Agosti

Nimebandika ramani ya Misri dukani, juu ya tangazo la dawa ya kupe. Anayekuja kununua dawa ya minyoo anaondoka akijua wafalme walivyokaushwa. Watu huniita Daktari. Leo wawili wameniita Farao.

Kaburu alipita kuuliza siku ya safari. Nilikuwa sijaifikiria. Nikasema Alhamisi ya wiki ijayo. Ilitoka yenyewe, tena kwa sauti nzito. Nkirote akauliza habari ya paspoti. Wanawake na wasiwasi! Paspoti ni kijitabu tu. Siku mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Siku kuu! Huku kwetu mtu hapandi ndege bila kuombewa, na hakuna maombi bila mbuzi. Mchungaji Karwirwa alitangaza kanisani, na baada ya ibada watu sitini walijaa uani. Mbuzi, mukimo, nduma, chai isiyoisha. Nilihutubia nusu saa kuhusu piramidi. Tuliwekewa mikono. Akina mama wakamvisha Nkirote leso, mimi nikapewa blanketi.

Kisha Kaburu akasimama na chupa tupu, imeoshwa vizuri. "Daktari, si utuletee hayo maji ya Musa tuone kama yanashinda yangu." Kicheko kila mahali. Mchungaji akasema chupa hiyo itawekwa mbele ya watoto wa Sunday school. Nikaapa mbele ya watu wote. Nkirote alikuwa anaangalia sahani yake.

Jumanne, 12 Agosti

Mambo kidogo magumu. Nilikwenda kwa msichana wa saiba, duka la intaneti, anijazie fomu za paspoti. Siku ya karibu ya kwenda Embu kupigwa picha na alama za vidole ni tarehe 28! Nikamweleza kwamba nimeshaombewa. Akasema kompyuta haina habari hiyo. Nikachukua hiyo 28 kwa hasira.

Nkirote anataka tuwaambie watu ukweli. Tuwaambie! Mbuzi ameshaliwa. Aliyeagwa kwa maombi akionekana Ijumaa sokoni akichagua nyanya, ataficha uso wapi? Lazima tuondoke. Swali ni wapi tu, na jibu ninalo.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumesindikizwa kwa pikapu tatu na nyimbo. Nilipunga mkono kama mheshimiwa.

Tulipofika Embu mjini nilimfunulia Nkirote mpango wangu. Tutajificha Gachoka kwa Njagi, tuliyesoma naye chuo cha kilimo. Huko kuna jua, mchanga, mawe makubwa, na bwawa la umeme ambalo ukisimama vizuri huoni mwisho wake. Wiki moja ya picha, kisha tunarudi. Nkirote akasema yeye alikula mbuzi wa kwenda baharini, hawezi kulala na mbuzi wa uongo tumboni. Akachukua begi lake, akapanda basi la Nairobi.

Amenuna. Atafika kwa shangazi yake huko Nairobi, atapoa, atanipigia.

Ijumaa, 15 Agosti

Hajapiga. Lakini Gachoka ni Misri kabisa! Joto la kuchemsha yai. Njagi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akashika simu. Picha ya kwanza: mimi, shuka jeupe kichwani, mwamba nyuma yangu. Kwa mbali kuna punda, lakini ukifumba jicho moja ni ngamia. Niliituma kwenye kundi la kanisa. Amina arobaini na moja!

Jioni nilijaza chupa ya Kaburu bwawani. Vijiko viwili vya chumvi, nikatikisa. Sijawahi kuonja bahari, lakini mtu aliyepima dawa za ng'ombe miaka ishirini hashindwi na chumvi.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya. Naandika haraka nimalize.

Saa nne nilituma picha nikiwa ndani ya bwawa, suruali imekunjwa. Nikaandika: "Bahari ya Shamu. Hapa ndipo walipovuka." Mchungaji akajibu Haleluya. Kaburu akauliza masikio yanayochungulia majini ni ya nini. Nikamjibu kwamba viboko walikuwepo tangu enzi za Farao, asome. Akauliza Mama Kananu, ndiye Nkirote wangu, yuko wapi, mbona haonekani. Nikaandika: "Ndiye anapiga picha."

Dakika nne baadaye Nkirote akatuma yake. Amesimama kwenye maji ya buluu, sketi ameishika magotini, anacheka kwa namna ambayo sijamwona akicheka tangu tuoane. Kando yake ni Ann. "Bwana asifiwe. Asanteni kwa maombi. Nimefika Mombasa. Bahari ni kubwa jamani, haina ng'ambo."

Kisha Kaburu: "Daktari, hiyo simu ya Mama inapiga picha mbali sana."

Njagi amejifungia chooni anacheka. Namsikia.

Jumanne, 19 Agosti

Nimerudi Ruiri. Nkirote amerudi pia. Mchungaji Karwirwa alikuja asubuhi, akasema kwa upole kwamba mbuzi aliyeliwa kwa uongo hulipwa kwa mbuzi, tena mkubwa kuliko yule. Nimekubali.

Mchana nyumba ilijaa. Nkirote amekuja na chupa ya maji ya bahari, lakini ya kwake iko mezani, wazi, na kila mgeni anamiminiwa kwenye kifuniko aonje. Watu wanakunja uso na kucheka. Hata Kaburu alionja. Kisha akaenda nyumbani, na mkewe Mama Koome anasema amefungua ya kwake.

Wageni walipoondoka Nkirote alinimiminia na mimi. Akasema alipoiona bahari mara ya kwanza aligeuka ili anionyeshe, na pale ambapo ningesimama mimi alikuwepo muuza mahindi. Hakusema kwa hasira. Miaka ishirini na mitano nilingoja niwe karibu naye siku hiyo, nami nilikuwa Gachoka na chumvi.

Nikaonja. Ala! Vijiko viwili havikutosha hata kidogo. Vilitakiwa vinane.

Hili nitalirekebisha. Krismasi nampeleka Nkirote Yerusalemu, mimi na yeye, bega kwa bega. Tarehe 28 siwezi kwenda Embu, ni siku ya mnada na natafuta mbuzi wa Mchungaji. Haidhuru, paspoti ni kijitabu tu. Njagi anasema nyuma ya kwake kuna kilima ambacho asubuhi ni Sinai tupu, ila hiyo ni ya dharura. Kaburu ameshasikia, ameniita hapo uani sasa hivi kuuliza tunaondoka lini. Nimemwambia tarehe kumi na mbili Desemba.